Tulipokwenda Kuona Itara ya Chuo

Kwetu, binti anapochumbiwa, wakubwa wa nyumba yake huenda kuona itara ya huko anakoolewa. Itara ni uchaga wa fito unaokaa juu ya moto jikoni, mahali pa kukaushia kuni. Siku hizi safari hiyo imekuwa karamu ya mahema na vipaza sauti, na wengi wanaokula nyama yake hawajui hata ilikopata jina. Lakini mama yangu mzazi alikuwa mkali katika jambo hilo. Alipokwenda kwa wakwe zangu watarajiwa alikataa kuketi kabla ya kupitia jikoni. Alisema sebule hukwambia kile mwenyewe anachotaka usikie, ila uchaga hauwezi kupambwa kwa siku moja. Ukiukuta umejaa kuni kavu, ujue hapo pana watu wanaofanya kazi hata wakati hawatazamwi.

Mimi niliolewa penye uchaga uliojaa, na namshukuru Mungu kwa hilo. Kwa hiyo nilipaswa kujua. Lakini ilipofika zamu yangu ya kumtafutia mjukuu wangu chuo, nilisahau jikoni nikaenda moja kwa moja sebuleni.

Mjukuu huyu ni mtoto wa binti yangu. Binti yangu hufanya kazi Naivasha, katika banda ambamo waridi huchaguliwa na kufungwa kabla ya kupelekwa uwanja wa ndege. Sasa amepanga chumba kimoja Karagita. Zamani walikuwa Kihoto, mpaka ziwa lilipowafuata hadi mlangoni. Mwaka ule maji yalipoingia, mtoto aliletwa kwangu huku juu, upande wa Bahati, akiwa na miaka tisa. Alikuja na mfuko wa nguo na furushi la makaratasi yaliyoloa.

Makaratasi yale yalikuwa ya kufungia maua, yale yaliyoharibika ambayo mama yake aliruhusiwa kuchukua. Yalikuwa na maandishi ya nchi maua yanakokwenda. Mengine yalikuwa kama nyumba ndogo zenye madirisha, mengine kama vijiti na mduara, mengine yakitiririka kutoka kulia. Mtoto aliyaanika kwenye kamba kama nguo, yalipokauka akayabandika ukutani kwangu, karibu na kalenda ya kanisa.

"Shosho," akaniuliza, "mtu wa huko akisoma hii, sauti inatoka aje?"

Sikujua. Nami nilikuwa nimefunga waridi miaka mingi kabla mgongo haujanikataza, na makaratasi kama hayo yalipita mikononi mwangu kila siku. Haikuwahi kunijia kwamba upande wa pili yupo mtu anayeyasoma. Niliona aibu kidogo, halafu nikaanza kuyatazama vizuri.

Kusoma kwangu mimi ni kwa kanisani. Nilifika darasa la saba, kisha nikiwa mtu mzima mwenye watoto nikasoma masomo ya wasomaji wa kanisa, kila Jumamosi, miaka sita, hadi nikapewa cheti. Tangu hapo nafundisha darasa la ubatizo, na watu wengi hapa kijijini huniita Mwalimu. Asia niliijua kwa ramani iliyokuwa nyuma ya kitabu chetu: mahali yalipokuwa yale makanisa saba yaliyoandikiwa barua. Siku moja mjukuu wangu aliniletea ramani ya shuleni, akaweka kidole juu ya Bethlehemu, akauliza hapo ni bara gani. Nilitazama mara mbili. Nimemfuata Bwana maisha yangu yote na sikuwa nimefikiri kwamba alizaliwa, akala, akalala Asia.

Basi mtoto akakua na udadisi wake. Herufi zile alijifunza mwenyewe kwenye simu. Alipofika kidato cha tatu alikuwa ameandika kwa Kichina majina ya ng'ombe wote wa jirani, na jirani hakufurahi, akidhani ni mambo ya uchawi. Alipomaliza kidato cha nne alipata alama nzuri, akatangaza kwamba anataka kusomea masomo ya Asia: lugha za huko, historia, dini na desturi zao.

Mama yake alikuja Jumapili moja kulizungumza. Yeye alitaka uuguzi.

"Uuguzi unaeleweka," akasema. "Mtu akisema mtoto wangu ni nesi, hakuna anayeuliza swali la pili. Hii ya Asia, nitasema anafanya nini?"

"Anasoma," nikasema.

"Anasoma nini, Mama? Mpaka lini?"

Mwishoni, kwa sababu ni mtoto mwenye heshima, alisema hivi: "Wewe ndiye umesoma Maandiko. Nendeni mtafute chuo. Ukiona kinachofaa, sema ndiyo, nami nitasema ndiyo. Usipoona, ataandika uuguzi." Mjukuu wangu alikuwa mlangoni, akiwa na sufuria mkononi. Akanitazama kwa namna ambayo sijaisahau. Maisha yake yalikuwa yamewekwa kwenye neno langu moja.

Serikali hufungua mtandao ambamo wanafunzi huchagua vyuo, na siku ya mwisho ikipita hakuna wa kumlilia. Mjukuu wangu alikuwa ameshachuja orodha hadi vikabaki viwili. Kimoja kilikuwa cha watu binafsi, kipya, pale Nakuru mjini. Kingine cha umma, mbali zaidi, upande wa juu kwenye baridi. Nilisema tuanze na cha karibu. Nikapiga simu kuwaarifu kwamba tunakuja.

Hilo la kupiga simu ndilo lililokuwa kosa la kwanza, lakini nililiona kama adabu.

Mtu haendi kuona nyumba ya watu peke yake, kwa hiyo nilimchukua rafiki yangu wa siku nyingi katika chama cha akina mama. Ni mjane kama mimi, ana macho makali na mdomo unaolingana nayo. Mkurugenzi wa chuo alitupokea langoni yeye mwenyewe, kijana wa suti aliyeinama kidogo kila alipotaja neno "mama". Ndani kulikuwa na taa nyekundu za karatasi zilizoning'inia kila mahali. Wanafunzi wanne wenye nguo za hariri walituchezea ngoma ya vipepeo vya kujipepea, wakavifungua na kuvifunga pamoja kwa mlio mmoja, trap! Nilifurahi kama mtoto. Kisha tukakaribishwa chakula: kuku, chapati, na tambi ndefu za Kichina zilizoletwa na vijiti viwili viwili.

Rafiki yangu akavigeuza vile vijiti. "Mwalimu, hivi ni vya kula au vya kufuma?"

"Vya kula."

"Basi leo watatuona." Akajaribu, tambi ikaanguka, akajaribu tena. "Ee Bwana, hawa watu walikondeshwa na vijiti." Mwishowe akachukua uma, akaniinamia. "Kula, wewe. Mungu anaelewa."

Mkurugenzi akamwomba mjukuu wangu aseme jambo kwa Kichina. Akasalimu, akataja jina lake na anakotoka. Ukumbi mzima ukampigia makofi. Baadaye kidogo akauliza choo kiko wapi, akatoka, akakaa muda mrefu. Sikujali. Nilikuwa ninaambiwa jinsi wanafunzi wao wanavyopata kazi katika mahoteli na kampuni za ujenzi. Mwisho, mtoto akiwa amesharudi, tukapewa zawadi, thamosi nyekundu yenye joka la dhahabu ubavuni, na mkurugenzi akasema, "Mama, sisi ni watu wa kumcha Mungu hapa. Tafadhali tufungie kwa sala."

Kila mahali huombwa mimi nisali. Harusini, matangani, kwenye mkutano wa maji. Nimesali mbele za watu kwa miaka mingi, na mdomo wangu umezoea kutangulia. Siku ile nilikuwa nimeshiba, nimechezewa ngoma, nimeitwa mama mara thelathini. Nikasimama, nikafumba macho, nikamshukuru Mungu kwa safari na kwa chakula. Kisha nikasikia sauti yangu ikisema, "Na asante kwa nyumba hii uliyomchagulia binti yetu, tunayemleta hapa ajifunze." Wote wakasema amina. Mkurugenzi akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Karibuni nyumbani," akasema.

Nilipofungua macho niliona kwamba mjukuu wangu alikuwa amefungua yake zamani.

Rafiki yangu alingoja mpaka tukafika tunakoshuka kijijini. Kisha akaweka mkoba wake chini kabisa, ili awe na mikono miwili ya kusemea.

"Mwalimu, umemwoza mtoto kwa kuku."

"Nilishukuru tu."

"Ulishukuru? Ulisema Mungu amechagua. Ulimwuliza lini? Kati ya chapati ya pili na ya tatu?"

Nilikasirika, kwa kuwa nilijua anasema kweli. Kwetu neno la mzee likishatamkwa na kuitikiwa, ni kama mbuzi amekwisha kufungwa ugani kwa watu. Na mimi nilikuwa nimelitamka nikiwa nimefumba macho mbele za Mungu, jambo zito zaidi. Nilijiambia labda ni Yeye aliyenisemesha. Nikataka sana iwe hivyo.

Kilichonisumbua ni utiifu wa mtoto. Siku zilizofuata alifagia kabla sijaamka, akateka maji, akakamua, akaosha sufuria hadi zikang'aa kwa nje. Na kwa siku nne hakuniuliza swali hata moja. Mtoto huyu huniuliza maswali tangu ana miaka tisa: kwa nini chumvi inayeyuka, kwa nini malaika huwa wanaume, kwa nini redio ya jirani inasema jambo kabla ya yetu. Siku ya tano tulikuwa tumekaa nje tukitoa minji kwenye maganda yake, nikaona siwezi tena.

"Hukukipenda kile chuo," nikasema.

"Ni kizuri, Shosho."

"Sikuuliza kama ni kizuri."

Akaendelea na minji. "Shosho, si ulishaomba? Ulimwambia Mungu kwamba ameshanichagulia. Sasa mimi nikikataa, ninakataa nani? Wewe ama yeye?"

Nilimwambia aache minji aniambie alichokiona. Ndipo akasema kwamba siku ile hakuwa amekwenda chooni tu. Alitafuta maktaba akaipata. Vitabu vya Asia vilikuwepo, rafu tatu nzima, vizuri kabisa, lakini vyote vilikuwa bado ndani ya nailoni vilivyokuja nayo. Akaongea na msichana mmoja wa mwaka wa pili, akaambiwa mwalimu wa lugha huja Jumamosi tu kutoka Nairobi, na wiki nyingine haji.

"Na masomo yenyewe ni ya namna ya kuwauzia watu wa huko na kuwapokea kwa hoteli," akasema. "Si mbaya, Shosho. Kuna watu wanataka hiyo. Lakini mimi sitaki tu kuwauzia. Nataka kujua wanafikiria nini wakiwa kwao wamekaa."

Akaingia ndani akaniletea daftari. Kumbe kabla hatujaenda alikuwa ameandika maswali ya kuuliza. Lugha inafundishwa miaka mingapi, na mwalimu anaishi hapo? Je, kuna historia na dini na fasihi, au ni biashara peke yake? Wanafunzi wanapata nafasi ya kwenda kukaa huko, na wakirudi wanasaidia wenzao? Ukurasa mzima, kwa mwandiko wake ulioinama. Hakuna hata swali moja lililoulizwa, maana kila alipofungua mdomo aliongezewa chakula.

Katika Maandiko yupo mwamuzi mmoja wa kale aliyeahidi jambo mbele za Mungu kwa haraka, na aliyelipa kwa uhai wake hakuwa yeye, alikuwa binti yake. Nimefundisha habari hiyo mara nyingi, nikisema inatuonya tuchunge ndimi zetu. Siku ile, minji ikiwa mapajani, niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa nimesimama upande wa yule binti. Yeye alikubali. Alimwambia baba yake afanye kama alivyosema. Sijui kwa nini sikuwahi kujiuliza jinsi uso wake ulivyokuwa.

Nilimwomba mjukuu wangu msamaha. Alishtuka, akaniambia, "Aah, Shosho, wacha," akachukua beseni akaenda kuosha minji ambayo ilikuwa bado haijaisha kutolewa.

Jumanne iliyofuata tulikwenda chuo cha pili, sisi watatu, bila kumwambia mtu. Rafiki yangu alikuwa amenionya: "Safari hii simu yako ibaki kwa mkoba. Na ukisikia harufu ya kuku, tunarudi." Askari wa langoni alikuwa amejifunga shali hadi masikioni.

"Mathe, mnatafuta nani?"

"Tunatafuta maktaba," nikasema.

Alitutazama, wazee wawili wenye vitambaa vya kanisa kichwani na msichana mmoja. "Maktaba? Ya nini?"

"Ya kusoma," rafiki yangu akasema. "Ama huku mnaitumia na kazi nyingine?"

Akacheka, akatuelekeza.

Jengo lile ni la zamani, na pembeni kulikuwa na ndoo iliyowekwa chini ya mahali panapovuja. Mtunza maktaba, mama mmoja mwenye sweta la kijani, alitupeleka kwenye rafu za Asia bila kutuuliza sana. Vitabu havikuwa vingi. Labda nusu ya vile vya Nakuru, ndivyo alivyonong'ona mjukuu wangu. Lakini pembe zake zilikuwa zimelika. Kimoja kilikuwa na doa la chai, kingine kimeshonwa mgongo kwa uzi wa gunia. Nikafungua jalada la nyuma, mahali wanapobandika karatasi ya tarehe za kuazima, nikaona mihuri imejaa safu baada ya safu, karatasi ya pili imebandikwa juu ya ya kwanza. Watu walikuwa wakivichukua, wakavirudisha, wengine wakavichukua tena. Ndani, pembezoni mwa kurasa, kulikuwa na maandishi ya penseli. "Sikubali," mmoja ameandika. Chini yake mwingine: "Soma ukurasa unaofuata kwanza."

Nilimwonyesha rafiki yangu. Naye akasema polepole, "Kuni hizi ni kavu."

Mtunza maktaba akatuonyesha ofisi ya mhadhiri wa Kichina. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa mwanamume wa makamo, kofia ya sufu kichwani, akisahihisha karatasi huku miguu yake iko karibu na jiko dogo la umeme. Alituambia amezaliwa upande wa Molo na kwamba alikaa Uchina miaka sita. Hakuwa na viti vya kutosha, kwa hiyo mjukuu wangu alisimama, na daftari lake.

Safari hii nilinyamaza. Akauliza yeye, swali baada ya swali, na mhadhiri akajibu bila kupamba. Kichina, ndiyo, miaka minne kamili. Kijapani, miaka miwili tu, na mwalimu wake mkataba unakaribia kwisha, hajui kama atapatikana mwingine. Historia ipo, dini zipo, fasihi ipo ila husomwa zaidi kwa tafsiri. Kila mwaka wachache hupata nafasi ya kwenda, si wote. Mabweni ni baridi. Migomo hutokea.

"Haya soma," akamwambia, akamsogezea karatasi moja.

Mjukuu wangu akasoma. Mhadhiri akamsimamisha neno la pili.

"Hapana. Sauti inashuka halafu inapanda. Rudia."

Akarudia.

"Bado."

Akarudia mara ya tatu na ya nne. Shingo yake ilikuwa imeanza kutoa jasho katika ile baridi. Mara ya tano mhadhiri akasema, "Hiyo," basi, hakuongeza sifa, akamwacha aendelee na neno la tatu. Nilimtazama mtoto. Kule Nakuru alipigiwa makofi akatabasamu kwa adabu. Hapa alikuwa amesahihishwa mara tano, na uso wake ulikuwa umewaka.

Nilikuwa na swali langu moja, na sikutaka kuondoka nalo. "Mwalimu," nikasema, "sisi ni watu wa kanisa. Mtoto atafundishwa miungu yao?"

Hakulicheka. Aliweka kalamu chini. "Atafundishwa wanachoamini, mama. Wao wakija kukuandika wewe kitabuni, si ungependa kwanza wajue unachoamini?"

"Ningependa sana."

"Basi ni hivyo."

"Na wewe ulipokuwa huko, ulisali wapi?"

Akacheka kidogo, kama mtu aliyekumbushwa nyumbani. Alisema walikuwa watu kumi na mmoja, katika chumba kilicho juu ya hoteli ya tambi, na mvuke wa supu ulipanda kupitia sakafuni wakati wa mahubiri. Nyimbo zao zilikuwa na maneno asiyoyajua kwa tuni alizozijua. Nilimwuliza kama waliimba wamesimama au wameketi. Nikamwuliza nani alihubiri, kama akina mama walikaa mbele au nyuma, kama walitoa sadaka kwa bahasha. Rafiki yangu akanivuta nguo. "Mwalimu, twende, wewe huandikishwi."

Tukarudi. Njiani mjukuu wangu hakunyamaza hata dakika moja.

Lakini bado lilikuwepo neno langu kule Nakuru. Kijana wa leo angesema halina uzito, hakuna karatasi iliyotiwa sahihi. Sisi hatumpokei mchumba wa pili kabla hatujamfungua wa kwanza, na kufungua huko hakufanywi kwa simu. Unakwenda kwa miguu yako, na kile ulichopewa unakirudisha. Shughuli za kanisa na homa kidogo zilinichelewesha, hata ikafika siku ya mwisho ya mtandao. Mjukuu wangu alikuwa na wasiwasi. "Shosho, saa kumi na moja wanafunga. Tujaze kwanza, halafu twende." Nikamwambia tutakwenda kwanza, halafu tujaze. Tukampitia rafiki yangu, mtoto akitufuata huku akiangalia saa ya simu kila hatua.

Mkurugenzi alishangaa kutuona. Nilimwekea thamosi juu ya meza, nikamweleza kwamba nilisema mbele ya watu wake jambo ambalo sikuwa nimelichunguza, na kwamba nimekuja kulirudisha.

Akacheka. "Mama, watu huomba hapa kila wiki. Na hiyo ni zawadi tu."

"Wewe uliitoa kama zawadi," rafiki yangu akasema. "Sisi tuliipokea kama ng'ombe wa mahari."

Hapo akaacha kucheka. Aliuliza, kwa upole wa kweli safari hii, kilichotukosesha kupendezwa ni nini. Nikamwambia: vitabu vyenu viko ndani ya nailoni, na mwalimu wenu haishi hapa. Alikaa akigeuzageuza thamosi ile. Akasema vitabu vilikuja vya msaada, na tangu vije hakuna mzazi aliyemwuliza habari zake. Wazazi huuliza kuhusu kazi na usalama wa mabweni. Nilimwonea huruma, kwa maana mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa kwenye kiti kile kile nikala kuku wake bila kuuliza. Tulimshukuru tukatoka upesi, kabla hajaagiza chai.

Saa tisa na nusu tulikaa kwenye benchi mbele ya duka la vitabu, mjukuu wangu akafungua mtandao kwenye simu. Kwanza tukampigia mama yake. Mashine za banda zilikuwa zikinguruma nyuma yake.

"Mama, umesema ndiyo?" akapaza sauti.

"Usiniulize mimi," nikasema. "Mimi nilishasema ndiyo moja, ikawa mbaya. Mwulize mwenyewe."

Nikampa mtoto simu. Alimweleza mama yake yote, mazuri na mabaya, hata ndoo ya maktaba. Mama yake akauliza juu ya mlio wa mashine:

"Na ukimaliza utakuwa nani?"

"Sijui bado, Mami. Mwalimu, mtafsiri, sijui. Lakini nitakuwa nimesoma kitu ninachotaka kujua."

"Uuguzi weka wa pili."

"Nimeuweka wa tatu."

Tukasikia mama yake akicheka, akisema huyu mtoto ni wa nani, kisha akasema sawa, na kengele ya kazi ikamwita.

Mjukuu wangu akajaza, akasoma tena kila msimbo wa kozi, kidole kikabaki juu ya kioo. "Shosho, omba kwanza."

"Bonyeza kwanza," nikamwambia.

"Kweli?"

"Mungu hachelewi. Bonyeza."

Akabonyeza. Kile kiduara kikaanza kuzunguka, kikazunguka, mtandao wa mjini mchana ule ulikuwa mzito, wote watatu tukakiinamia. Rafiki yangu aliuliza mara tatu kama imeenda. Ilipokubali alisema amina kwa sauti kubwa hata muuza magazeti akageuka, na mimi nilikuwa bado sijafungua mdomo. Nilipoufungua sikumwagiza Mungu lolote. Nilimshukuru kwa macho ya mtoto yaliyokuwa wazi siku ile yangu yakiwa yamefumbwa.

Aliitwa kwenye chuo kile cha huko juu kwenye baridi. Juzi alinipigia simu akiwa na haraka ya kwenda darasani, akaniambia wamesoma kwamba wahubiri walifika Uchina zamani sana, kwa miguu na kwa ngamia, mamia ya miaka kabla Injili haijafika huku kwetu. Nilikuwa sijui. Nilikaa kitandani kabisa.

"Sasa Shosho," akauliza, "walipofika walianza kwa kuhubiri ama kwa kujifunza lugha?"

Nikamwambia sijui, lakini nataka kujua, na atafute jibu kabla ya Jumapili.